Wakizashi ya zamani yenye dosari tatu: ipi ya kuvumilia, ipi ya kukimbia?

Chipukizi

Wakuu, habari zenu. Naomba macho ya wazoefu, maana yangu siyaamini tena. Upanga wenyewe nimeshaupenda.

Ni wakizashi, upanga mfupi wa Kijapani, inauzwa na duka moja la Tokyo kwa yeni 260,000. Urefu wake ni sentimita 46.2. Haina saini, lakini ina cheti cha Hozon kutoka NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za Kijapani, kinachosema ni kazi ya Sue-Seki, yaani wahunzi wa Seki, jimbo la Mino, mwishoni mwa zama za Muromachi (karibu karne ya 16). Hamoni yake, yaani mstari wa weupe unaofuata makali, ina vilele vilivyochongoka, vingine virefu vingine vifupi, na kila nikizitazama picha naona kitu kipya.

Sasa dosari. Ya kwanza iko ubavuni, karibu na mpini: shimo jeusi la ukubwa wa punje ya mtama. Ni baya mno, jicho linakwenda hapo moja kwa moja. Ya pili ni mstari mweusi karibu na mgongo, unafuata urefu wa upanga, kama sentimita 2 hivi. Ya tatu sina hakika hata kama ni dosari. Katika picha moja tu, thuluthi moja ya urefu kutoka kwenye ncha, naona kijistari chembamba sana kimesimama wima kwenye ule weupe wa makali. Muuzaji anasema ni mkwaruzo wa juu juu.

Shimo ndilo linaloninyima usingizi. Je, niombe bei ishuke kwa sababu yake? Na kwa kuwa cheti kipo, si ina maana wataalamu walishaukagua upanga wakauona mzima? Nitakwenda dukani wiki hii, wameniruhusu niushike kabla ya kulipa.

Mkaa wa Tanuru

Chipukizi, shimo liache. Hofu yako yote ihamishie kwenye hicho kijistari.

Nitakueleza kwa nini, maana ukilielewa hili moja utaweza kuhukumu dosari ambazo hujawahi hata kusikia majina yake. Mhunzi wa Kijapani huupaka upanga udongo kabla ya kuutia maji, mwembamba upande wa makali, mnene kuelekea mgongoni. Kisha huupasha moto na kuuzamisha. Makali hupoa ghafla yakawa magumu kupindukia. Mwili hupoa taratibu ukabaki na ulaini wa kustahimili pigo. Hamoni ndiyo mpaka kati ya sehemu hizo mbili. Kwa hiyo dosari uipime kwanza kwa mahali ilipo, ukubwa wake utafuata baadaye. Shimo lako liko kwenye chuma laini. Linaudhi jicho, basi. Ufa ulio ndani ya makali uko kwenye chuma kigumu, na chuma kigumu hakina uwezo wa kuuzuia ufa usiendelee. Siku upanga utakapopindishwa hata kidogo, nguvu yote itakusanyika pale.

Ufa huo unaokata makali kwa kukingama unaitwa hagiri, na miongoni mwa wakusanyaji ndiyo dosari inayoogopwa kuliko zote. Hutokea upanga unapopinda au unapogonga kitu kigumu kwa upande. Unaweza kuwa mwembamba kama unywele, mfupi usiofika hata milimita 3, na bado ukaondoa sehemu kubwa ya thamani ya upanga. Na hautibiki. Ili kuumaliza, mnoaji angelazimika kula chuma hadi ufa wote uishe, na kufikia hapo makali yenyewe yamekwisha. Usiuchanganye na pengo, lile jino lililomeguka kwenye makali, ambalo Wajapani huliita hakobore. Pengo dogo lisilofika kwenye mpaka wa hamoni mnoaji mzuri analiondoa. Pengo linakutisha kwa sababu unaliona. Hagiri haikutishi kwa sababu inajificha, nalo ndilo kosa la macho ya kila mgeni wa fani hii.

Sasa shimo. Hilo kwa maelezo yako ni fukure iliyopasuka. Chuma cha upanga hukunjwa na kufuliwa mara nyingi, na pale ambapo mikunjo haikushikana vizuri, au takataka za tanuru zilinasa katikati, hubaki uwazi ndani. Miaka mingi ya kunolewa humaliza ngozi ya juu, lengelenge linajitokeza, mwishowe linapasuka. Mstari wako wa mgongoni ni ndugu yake: mkunjo uliofunguka kwa kufuata nyuzi za chuma, unaitwa ware. Zote mbili ni dosari za kufua, zilizaliwa pamoja na upanga. Kwa kazi ya Sue-Seki si jambo la ajabu. Wahunzi wa Seki wa zama zile walifua kwa wingi kwa ajili ya watu waliokuwa vitani kila mwaka, wakahitaji panga zinazokata, na hakuna askari aliyerudisha wakizashi kwa sababu ya tundu la punje ya mtama.

Kuhusu cheti: Hozon inasema kazi ni halisi, imehusishwa na shule fulani, na inastahili kuhifadhiwa. Haiorodheshi dosari na haisemi kuwa hakuna. Na ile karatasi nyingine utakayoona pamoja na upanga, torokusho, ni ya usajili tu. Hutolewa na bodi ya elimu ya mkoa, inaandika urefu, mpindo, idadi ya matundu ya nakago (ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini) na saini kama ipo. Haina hukumu yoyote juu ya ubora. Wauzaji wengine humwonyesha mgeni torokusho kana kwamba ni sifa. Sivyo.

Ukifika dukani omba taa moja ya balbu tupu, wapunguze nyingine. Keti, balbu iwe mbele yako juu kidogo ya usawa wa macho, elekeza ncha ya upanga karibu na balbu na usogeze taratibu ili mwanga utambae juu ya makali kuanzia chini hadi kwenye ncha. Mkwaruzo utaona umekaa juu, na mara nyingi unavuka hamoni bila kujali mpaka, unaendelea hadi kwenye chuma laini. Ufa unaanzia kwenye ukingo wa makali kabisa na una kina, rangi yake haibadiliki mwanga unapohama. Halafu geuza upanga. Ukiukuta kijistari mahali pale pale upande wa pili, usiulize tena.

Na tafadhali, usiguse chuma kwa kidole, usipitishe ukucha. Nakago tu ndiyo ya kushika, na mwili uupumzishe juu ya kitambaa safi.

Jiwe Laini

Naongeza upande wa unoaji, maana ndiko nilikojifunzia kuangalia. Nimekaa pembeni ya mnoaji, nikamwona akifanya kazi ya wiki nzima juu ya sehemu isiyozidi kiganja.

Chipukizi, ule weupe unaouona kwenye picha si wote hamoni. Kuna mtindo wa kumalizia unaoitwa hadori, ambapo mnoaji hutumia kijiwe chembamba kuyafanya makali yawe meupe kwa kufuata umbo la hamoni kwa ukaribio. Unapendeza sana, na si udanganyifu, ndiyo mtindo wa kawaida siku hizi. Lakini weupe huo unaweza kufunika pale ambapo hamoni halisi imekatika. Kukatika huko kunaitwa nioi-gire: kipande cha makali ambacho hakikupata ugumu, ama kwa sababu hakikushika vizuri siku ya kuzamishwa, ama kwa sababu upanga ulipata moto baadaye. Picha ya duka haitakuonyesha. Chini ya balbu utaona mstari halisi, wenye kumetameta, unapita ndani ya ule weupe au kando yake. Ufuate kwa jicho toka mwanzo hadi mwisho, polepole, bila kuruka. Ukipotea, rudi nyuma utazame tena kwa pembe nyingine.

Mwisho wake ni kwenye ncha, na hapo wengi huharakisha. Hamoni lazima iingie kwenye kisaki, yaani ncha yenyewe, izunguke, irudi kidogo kuelekea mgongoni. Sehemu hiyo ndiyo boshi. Ikiwa hamoni inatoka nje kwenye ukingo kabla ya kugeuka, maana yake ncha ilivunjika zamani ikachongwa upya, au imenolewa hadi ugumu umekwisha. Ni dosari nzito, karibu sawa na hagiri kwa wakusanyaji wengi, kwa sababu boshi ndiyo uso wa mhunzi. Wapo wanaoitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu uchovu. Kila kunoa kunaondoa chuma. Upanga una ngozi ya chuma kizuri kilichokunjwa, na katika nyingi ndani kuna kiini laini zaidi. Ngozi ikiisha, kiini kinachungulia kama baka lisilo na uhai, kavu, lisilo na nyuzi. Mkaa wa Tanuru amesema shimo ni la kuvumilia, nami nakubali, lakini tazama kilicho karibu nalo. Shimo moja kwenye chuma chenye afya ni jambo jingine kabisa na shimo lililo katikati ya mabaka. Pima pia ile ngazi ndogo ambapo makali yanakutana na nakago, hamachi. Ikiwa bado inasimama vizuri, chuma kipo. Ikiwa imebaki kama alama tu, upanga umeshaliwa sana. Na angalia kimo cha hamoni kuelekea ncha: ikikaribia kugusa ukingo, hakuna tena cha kunoa.

Usinunue kwa kutegemea kwamba utaupeleka ukanolewe upya. Mnoaji aliyefunzwa atakutoza fedha nyingi ukilinganisha na bei ya wakizashi kama hiyo, na haki yake, kazi ni ndefu. Kibaya zaidi, upanga uliofungwa na kutu au uliofifia unaficha dosari ambazo mnoaji ndiye atakayezifichua, wakati fedha umeshatoa.

Msomaji wa Nakago

Wenzangu wamesema vizuri, ila naona hatari moja: Chipukizi atatoka hapa na orodha ya vitu vya kukataa, na atapita mbele ya upanga mzuri asiuone.

Umri na shule vinabadilisha maana ya dosari. Panga za kabla ya 1596, zile tunazoziita koto, zimepita mikononi mwa vizazi visivyohesabika. Zimenolewa, zimepigwa, zimekatwa. Tachi, panga ndefu za zama za Kamakura na Nanbokucho (karne ya 12 hadi ya 14), zilifupishwa kwa upande wa nakago ili zivaliwe kama katana, na saini zikaenda na kipande kilichokatwa. Kwa panga hizo kufupishwa kunakubalika kabisa. Lakini upanga wa Osaka wa miaka ya 1670, tuseme wa Tsuda Sukehiro au Inoue Shinkai, watu waliosifika hasa kwa usafi wa chuma chao, ukiwa na lengelenge ubavuni ni haki kuuliza kulikoni. Na panga za shinshinto, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi amri ya 1876 iliyokataza kubeba panga hadharani, hazikupata muda wa kuchoka. Hizo nazidai usafi.

Alama ile ile pia huweza kuwa ugonjwa kwa mmoja na sura ya kuzaliwa kwa mwingine. Mizukage, kile kivuli cheupe kinachopanda kwa mshazari kutoka karibu na hamachi, kwa kawaida kinakuonya kwamba upanga uliungua ukatiwa maji upya. Ila kwenye kazi za Horikawa Kunihiro kinaonekana kwenye panga ambazo hazijawahi kuungua, na wakaguzi hukitumia kumtambua. Vivyo hivyo baka la chuma dhaifu kwenye panga za shule ya Rai ya Kyoto: linajulikana, lina jina, na ni sehemu ya ushahidi kwamba upanga ni wa Rai kweli.

Hata kutiwa maji upya si kifo kila mara. Ngome ya Osaka ilipoanguka mwaka 1615, panga nyingi za hazina ya ukoo wa Toyotomi ziliungua. Tokugawa Ieyasu, mshindi wa vita hiyo, aliamuru zilizo bora zitiwe maji upya na mhunzi Echizen Yasutsugu. Ichigo Hitofuri, tachi ya Awataguchi Yoshimitsu, ni mojawapo, na leo iko katika hazina ya familia ya kifalme ya Japani. Nani angeitupa?

Na alama za vita ni heshima. Ishida Masamune, iliyoko katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, ina makovu ya kukatwa na panga nyingine, na ni makovu hayo yaliyoipa jina lake la pili, Kirikomi Masamune. Hakuna aliyethubutu kuyafuta. Kovu la aina hiyo mgongoni linamwambia mtazamaji kwamba upanga ulipokea pigo na haukuvunjika.

Mkaa wa Tanuru

Msomaji, nakuheshimu, na yote uliyosema ni kweli. Lakini mtu anayenunua Sue-Seki isiyo na saini hanunui Yoshimitsu. Ichigo Hitofuri inasamehewa kwa sababu ya mkono ulioifua na historia iliyoibeba. Kazi ya kawaida haina akiba hiyo ya kulipia hagiri. Panga za Seki za umri huo zipo nyingi sokoni, nzima nzima, kwa bei hiyo hiyo. Dosari kubwa uisamehe pale tu ambapo hutapata nyingine isiyo nayo.

Chipukizi

Nimerudi kutoka dukani, wakuu. Nashukuru sana, kwa sababu bila ninyi ningetazama shimo tu.

Walinipa balbu bila manung'uniko. Shimo kwa macho ni dogo kuliko picha, na chuma kinacholizunguka kina nyuzi wazi, hakuna baka. Hamachi bado imesimama. Mstari wa mgongoni ni mkunjo uliofunguka kama Mkaa alivyosema, unafuata nyuzi bila kuzikata. Boshi inaingia vizuri, inazunguka, inarudi karibu sentimita 1. Hamoni niliifuata nikiwa nimeshika pumzi, na chini ya ule weupe kuna mstari halisi wenye uhai, vilele vingine haviko kabisa mahali weupe unapoonyesha.

Kisha kile kijistari. Kinaanzia kwenye ukingo wa makali, kinapanda wima kama milimita 4, kinaishia kabla tu ya kufika kwenye mpaka wa hamoni. Niliusogeza mwanga mbele na nyuma, rangi haikubadilika. Niligeuza upanga. Upande wa pili kipo, kifupi zaidi, mahali pale pale. Nilimwomba muuzaji naye atazame kwa lenzi. Alitazama muda mrefu, akaomba radhi, akasema atabadilisha maelezo ya tangazo. Halafu akaniambia kwamba nikiutaka hivyo ulivyo ataniachia kwa yeni 110,000.

Hapo ndipo nimekwama. Si wa kuuza baadaye. Nautaka wa kujifunzia, na kila kitu kingine ndani yake ni kizuri. Nichukue?

Jiwe Laini

Pole, na hongera kwa jicho. Muuzaji amefanya uungwana, kumbuka duka hilo.

Mimi ningesema chukua, kwa masharti. Upanga wenye hagiri ulio na hamoni wazi na boshi kamili unafundisha sawasawa na mzima, na utakuwa nao nyumbani kila jioni badala ya kuuona nyuma ya kioo. Usije ukautumia kukatia kitu chochote, hata mkeka wa mazoezi. Usiupeleke kwa mnoaji ukidhani atapunguza ufa. Paka mafuta ya choji (mafuta ya karafuu ya kutunzia panga) kidogo, futa, angalia kutu karibu na ufa hasa, kwa sababu unyevu hupenda kuingia pale. Na andika kuhusu hagiri kwenye karatasi, iweke pamoja na cheti, ili atakayeupokea baada yako asiambiwe ni mkwaruzo.

Mkaa wa Tanuru

Mimi ningeuacha. Yeni 110,000 ukiongeza akiba ya miezi michache unapata wakizashi nzima ya zama hizo hizo, na jicho lako litajengeka juu ya kitu kizima. Mtu huzoea anachokitazama kila siku. Hata hivyo Jiwe Laini amesema neno zito kuhusu karatasi, na ukiuchukua fanya hivyo siku ile ile.

Jambo moja la mwisho kama utaununua na kusafiri nao: torokusho inabaki Japani, na upanga hautoki bila kibali cha Wakala wa Masuala ya Utamaduni. Duka litakuombea, ila anza mapema.

Chipukizi

Nimezungumza na muuzaji tena. Ana Sue-Seki nyingine, tanto (jambia fupi), ina umegane, yaani kiraka cha chuma cha kuziba dosari, ubavuni na ware mbili, makali safi, yeni 190,000. Kiraka kimepachikwa kwa ustadi, nilikigundua kwa sababu nyuzi za chuma zinakatika ghafla pande zake. Boshi sijaitazama bado kwa balbu, duka lilikuwa linafunga. Kesho asubuhi naanzia kwenye ncha.